Kibla cha Suriname

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyelifanya jua lichomoze kwa viumbe wote na lizame kwa viumbe wote, mashariki ni yake na magharibi ni yake. Namshukuru kwa pumzi niliyo nayo, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa mikono hii aliyoiwezesha kuwahudumia maiti wa mji wetu kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na masahaba wake. Baada ya hayo, nitasimulia.

Mimi ni mtu wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Nimesomesha watoto chuoni mpaka sasa nasomesha watoto wa wale watoto, ndiyo maana watu huniita Maalim. Kazi yangu nyingine ni kushuka kaburini. Akifa mtu, naitwa. Naingia shimoni na jamaa wawili wa maiti, tunampokea kutoka kwenye jeneza, tunamlaza ubavu wa kulia katika mwanandani, lile pango jembamba linalochongwa ubavuni mwa kaburi. Nafungua vifundo vya sanda, naweka shavu lake juu ya udongo, na uso naugeuza kibla. Kwetu Makka iko kaskazini, kwa hiyo wafu wetu wote wamelala vichwa mashariki na nyuso kaskazini. Nalifanya hili bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Nayasema haya mapema kwa sababu mwanangu wa pili alifariki Suriname, na hakulazwa na mimi.

Wengi niliowatajia nchi hiyo waliniuliza iko upande gani wa Afrika. Iko Amerika ya Kusini, juu, ukingoni mwa Bahari ya Atlantiki, nayo ndiyo nchi huru ndogo kuliko zote za bara lile. Magharibi yake ni Guyana, mashariki ni ardhi inayotawaliwa na Wafaransa, kusini ni Brazil. Mimi sikuijua mpaka mwanangu alipofika. Alianza kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, nyayo zikapasuka kwa chumvi, akaenda Mombasa akapata kazi ya kupika melini. Meli zikamzungusha miaka kadhaa, kisha akashukia Suriname, akaingia kwenye mashua za kuvua kamba. Akaoa huko, akakaa.

Alikuwa akinitumia sauti kwa simu. Asubuhi yao ni alasiri yetu, kwa hiyo yeye alikuwa akiongea akienda kazini, na mimi nikimsikiliza ukumbini baada ya kuswali, na mke wangu akisikiliza kutoka jikoni akijifanya hasikilizi.

Sauti ya kwanza kabisa ilikuwa hii. "Shikamoo baba. Nimefika salama. Nimeswali adhuhuri bandarini nikielekea kaskazini, jamaa mmoja wa huku akanisubiri nimalize, akaniuliza, 'Ndugu, wewe unaswali kuelekea wapi, kwenye barafu?' Nimeona aibu, baba. Mwili umezoea Mambrui. Kibla cha huku ni wapi?"

Nilikwenda shule ya msingi, nikamwomba mwalimu mkuu tufe la dunia, na mke wangu akanipa uzi wa kushonea. Nikaubana mwanzo wake Suriname, nikauvuta mpaka Makka. Uzi ukapita juu ya Atlantiki, ukaingia Afrika ya Magharibi, ukalivuka jangwa lote. Walimu walikusanyika wakitazama. Jioni nikamtumia mwanangu jibu: "Lielekee jua linakotoka, kisha uso wako usogeze kidogo upande wa kushoto." Akanijibu, "Nimesikia na nimetii." Tangu siku hiyo nilijua anaswali kuelekea wapi, na kwa mzazi aliye mbali hilo ni jambo kubwa kuliko kujua anakula nini.

Nchi yenyewe nilijengewa na yeye, kipande kwa kipande. Alisema, "Baba, bahari ya huku ni Sabaki mwaka mzima. Matope yanatoka kwenye mto mkubwa wa Brazil, mkondo unayaleta mpaka hapa. Hakuna mwamba wala mchanga mweupe. Mama akija kuoga baharini atatoka amekandikwa kama ukuta."

Mke wangu akasema kutoka jikoni, "Mwambie mama yake haendi mahali ambapo bahari yenyewe haijanawa uso."

Alisema watu karibu wote wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Nyuma yao ni msitu, na msitu huo ndio nchi, unaenea mpaka Brazil na barabara hazimfikishi mtu mbali. Anayetaka kwenda bara hupanda mtumbwi wa mashine au ndege ndogo. Pwani yenyewe iko chini sana. Waholanzi walioitawala walijenga kingo za udongo na milango ya maji ili bahari isirudi mashambani, na nyumba nyingi za zamani ni za mbao. Mvua inanyesha kana kwamba mtu amesahau kuifunga. "Huku ukichimba shimo la mgomba," alisema, "maji yanapanda kuja kukuamkia."

"Wangewagawia Ganze kidogo," mke wangu akasema. Yeye kwao ni upande huo, Vitengeni, na amekua akiyafuata maji kwa miguu.

Aliniambia wanaendesha magari kushoto kama sisi. Wanazungumza Kiholanzi shuleni na lugha nyingine sokoni. Wanakula wali kila siku, na nazi zipo, ila hawajui kuzikuna. Aliniambia mjini Paramaribo kuna msikiti na sinagogi ubavu kwa ubavu, na magari ya waumini yanaegeshwa uwanja mmoja. Nikamwuliza kama hawagombani.

"Wanagombania kivuli cha kuegesha," alisema.

Kuhusu watu wa nchi hiyo, alinifundisha taratibu kama anayefundisha mtoto. Kwanza ni wenyeji wa msituni, waliokuwepo kabla ya wote. Kisha Waholanzi, na mashamba yao ya miwa. Kisha Waafrika walioletwa kwa minyororo kulima miwa hiyo. Wengine kati yao walitoroka wakapanda mito mpaka ndani ya msitu, wakapigana na waliokuja kuwarudisha, na wajukuu wao wapo huko hadi leo, wana vijiji vyao na wakuu wao, na serikali ikiwa na shida nao huwafuata kwa mtumbwi. Nyuma ya Malindi nako palikuwa na vijiji vya watoro, na wazee wetu hawapendi kuvitaja. Utumwa ulipoondolewa, Waholanzi wakaleta Wahindi kwa mkataba, kisha wakaleta watu wa Java, kutoka upande wa pili kabisa wa dunia. Hao wa Java waliambiwa muda ukiisha watarudishwa kwao. Wengine walirudi. Wengi walibaki, na wengi wao walikuwa Waislamu.

Mkazamwana wangu ni wa hao wa Java. Kijiji chao kiko ng'ambo ya mto unaopita Paramaribo, mahali palipokuwa na mashamba ya miwa. Mwanangu aliishi nao nyumba moja, yeye, mkewe, binti yao, na mkwewe, mzee mjane. Juu ya mzee huyo alikuwa akiniambia kwamba anapenda chai yenye sukari nyingi na hashindwi bao la kwao. Hakunieleza zaidi.

Habari ya kifo ilinikuta nikishona ukanda wa kiatu, kabla kidogo ya magharibi. Aliyepiga simu alikuwa mjukuu wangu, ambaye sasa ni msichana mkubwa. Baba yake alimfundisha Kiswahili tangu anaanza kusema, akakipata kile kile cha Mambrui, ila anakitamka kwa ulimi wa mama yake.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, baba amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Amefariki, babu. Jana jioni. Moyo umesimama. Tumemzika asubuhi hii."

Nikasema tunalolisema sote, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nikamwuliza kama mama yake amekula. Alipokata simu nilimaliza kushona. Nakumbuka nilikata uzi kwa meno, nikakijaribu kiatu mguuni, nikakiona sawa. Ndipo nikainuka nikaenda kumwambia mke wangu.

Watu wa Mambrui walinifanyia wema, Mungu awalipe. Waliweka matanga, wakapika, wakasoma. Niliongoza swala ya kumswalia maiti aliye mbali, na safu zilijaa mpaka uani. Watu walinishika mkono wakisema, "Maalim, una subira." Nilikuwa nikiitikia. Sikuwa na uhakika kama ni subira. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa na unajua ni wako, lakini haukwambii kitu.

Baada ya hitima, mkazamwana wangu akatuma picha ya video ya maziko. Niliifungua peke yangu, asubuhi, nimeketi chumbani. Niliona uwanja wa majani mabichi sana, umezungukwa na miti. Wanaume walivaa kofia nyeusi za mahameli. Waliswali kwa safu nzuri zilizonyooka. Kisha nikaona jambo. Kivuli cha kila mtu kilikuwa mbele yake.

Nikairudisha. Walikuwa wamezika asubuhi, mjukuu alikuwa ameniambia. Anayeelekea Makka kutoka kule, asubuhi, jua linampiga usoni. Watu hawa jua lilikuwa likiwapiga visogoni.

Niliendelea kutazama. Mzee mwembamba alishuka kaburini, akapokea sanda. Alifanya kila kitu ninachokifanya mimi, na kwa utaratibu ule ule. Alimlaza ubavu wa kulia. Alifungua vifundo, cha kichwani kwanza. Alisawazisha udongo kwa kiganja, akaweka shavu la mwanangu juu yake kama anayeweka yai. Kisha akaugeuza uso wake upande vilikolala vivuli, magharibi, akaipa Makka kisogo cha mwanangu.

Nilizima simu, nikaenda kunywa maji. Sikumwambia mke wangu.

Sheria ya jambo hili naijua vizuri, nimeisomesha. Kumwelekeza maiti kibla ni wajibu. Akizikwa ameelekezwa kwingine, kaburi hufunguliwa akageuzwa, maadamu mwili haujabadilika. Ukishabadilika, huachwa. Kwa hiyo kila siku niliyokaa kimya ilikuwa ikilikaribisha jibu moja na kulisukuma mbali jingine, na mimi niliijua hesabu hiyo, nikakaa nayo kama mtu anayetazama chungu kikichemka bila kuinuka.

Siku hizo hizo akafariki jirani yetu, fundi baiskeli. Nikaitwa. Nikashuka na wanawe wawili, tukampokea. Nikafungua vifundo, nikamshika kichwa, na mikono ikasimama. Sikujua nimgeuze wapi. Mwanandani ulikuwa mbele yangu umechongwa upande wa kaskazini, hata kipofu angeupapasa akajua. Wanawe wakawa wananitazama. Mmoja alikuwa na udongo kwenye nyusi.

Juu yetu mtu mmoja akaita, "Maalim, kulikoni huko? Kibla kimehama?"

Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wenye hofu makaburini. Mwingine akawakemea, "Nyamazeni nyie, mzee amefiwa!"

"Hakijahama," nikasema. Nikamgeuza jirani yangu kaskazini, nikalipanga shavu, nikatoka. Walinivuta mikono yote miwili. Niliporudi nyumbani niliswali alasiri, nikapiga simu Suriname.

"Mjukuu wangu, baba yako amelala ameelekea upande gani?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Magharibi, babu. Kama watu wote wa kijiji cha mama."

"Na yeye alikuwa akiswali wapi?"

"Mashariki! Si wewe uliyemwonyesha kwa uzi? Alikuwa akitusimulia kila Ramadhani, mpaka tunamwambia baba inatosha. Lakini babu wa huku anaswali magharibi. Walikuwa wakiswali chumba kimoja, wamepeana migongo."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja, babu. Mkeka wa baba huku, wa babu kule, na chumba chenyewe kidogo. Wakiinama kurukuu wanasukumana. Baba anamwambia, 'Mzee, wewe unakwenda Makka kwa njia ndefu, unaizunguka dunia nzima.' Na babu wa huku anamjibu, 'Nenda wewe njia fupi. Ukifika, nisubiri.'"

"Hakuwahi kuniambia."

"Alisema tukikwambia utakuja kwa miguu kutugeuza."

Nikamwomba aniitie huyo mzee. Nilisikia viti, kikombe kikiwekwa, kisha sauti nyembamba ya mtu asiye na haraka. Mjukuu akawa anatufasiria.

"Anakusalimu, anasema poleni sana."

"Mwambie tumepoa, na yeye apoe. Yeye ndiye aliyemlaza mwanangu?"

"Anasema ni yeye. Anasema baba alimwambia kwamba na wewe kazi yako ni hiyo."

"Muulize kwa nini magharibi."

Mzee aliongea kwa muda mrefu. Mjukuu akawa anayakusanya maneno. "Anasema, wazee wake walipopandishwa meli huko Java, Makka ilikuwa magharibi yao. Waliposhushwa huku waliuliza neno moja tu, jua linazama wapi, wakatandika mikeka. Walikuwa wamepita ng'ambo ya Makka na hakuna aliyewaambia. Baadaye vijana waliosoma wakageuka mashariki, na pakawa na ugomvi, ndugu na ndugu hawaalikani harusi. Siku hizi ugomvi umepoa, kila mtu na msikiti wake. Yeye alibaki pale alipobaki baba yake."

"Lakini alijua mwanangu anaelekea mashariki."

"Anasema alijua. Anasema makaburi yote pale yanatazama upande mmoja. Angemgeuza baba peke yake, kila atakayepita angesema huyu alikuwa mgeni. Anasema…" Mjukuu alisita. "Anasema hakutaka mkwewe alale mgeni."

Yule mzee akaongeza neno, polepole.

"Anasema wewe ndiye baba. Ukisema ageuzwe, kesho asubuhi atashika jembe mwenyewe. Hatamtuma mtu."

Nikasema nitampa jibu kesho saa kama hii.

Ilinibidi nimwambie mke wangu. Alikuwa ameketi jikoni anapeta mchele. Nilimweleza yote, uzi, vivuli, mzee wa Java, jembe. Hakusimamisha ungo.

"Huyo mzee ndiye aliyemwosha?" akauliza.

"Nadhani ndiye."

"Unadhani?"

"Sikuuliza."

"Umeuliza jua, umeuliza vivuli, hukuuliza maji?"

"Maji gani?"

Akauweka ungo chini. "Aliyaweka vuguvugu? Mtoto yule hakuwa akistahimili maji baridi, Maalim. Mtu mzima na ndevu zake alikuwa akiinjika sufuria kabla ya kwenda kuoga, ndugu zake wanamcheka. Muulize hilo kwanza. Mengine unayajua wewe, siyajui mimi."

Siku ya pili akaja kuketi ukumbini pamoja nami, jambo ambalo hakuwa akilifanya sauti za mwanawe zilipokuwa zikija. Nikapiga simu. Nikauliza la mke wangu kabla ya la kwangu.

Mjukuu akasema, "Anasema maji aliyatia moto mwenyewe, kwenye sufuria kubwa ya wali, akayapima kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto mchanga. Maji ya mwisho akayatia karafuumaiti."

Mke wangu aliinuka, ncha ya leso mdomoni, akaingia ndani. Nikamsikia akilia, kilio kirefu cha utulivu. Nilikaa nikikisikiliza kama mtu anayesikia mvua kwa jirani.

"Babu, upo?"

"Nipo. Muulize ardhi ikoje hivi sasa."

"Anasema walipochimba maji yaliingia, wakayateka kwa ndoo, ndiyo maana wakamwekea mbao. Na tangu siku ile mvua haijakatika. Uwanja wote umelowa. Lakini anasema ukitaka atachimba tu, maji hayamtishi."

Nikayakumbuka yale maji yanayopanda kumwamkia mchimbaji, na jinsi tulivyocheka. Mwaka mmoja Sabaki ilifurika ikaingia mashambani, na baada ya siku chache tukalazimika kumhamisha mtu niliyemzika kando ya mto. Najua ardhi ya maji inafanya nini na mwili, na inafanya kwa haraka gani. Sitaeleza. Nilipoyasikia maneno ya yule mzee, nililijua jibu kabla ya kulitafuta. Nilikuwa nimejiandaa kuamua, na palikuwa hapana la kuamua tena. Nchi yenyewe ilikuwa imekwisha kuamua.

"Mwambie amwache," nikasema.

"Amwache?"

"Amwache vile vile alivyomlaza. Wakati wa kumfungua umepita. Na mwambie mikono yake niliiona kwenye picha. Amefanya kazi nzuri. Hata mimi nisingelipanga shavu vizuri zaidi."

Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Nikasikia yule mzee akikohoa.

"Anasema ahsante, babu. Kisha anauliza, mkeka wa baba tuufanyeje? Bado umetandikwa pale pale, unaelekea mashariki. Mama alitaka kuukunja, yeye akamkataza. Anaswali ameupa mgongo kama zamani, lakini hataki uondolewe."

"Uacheni," nikasema.

Hayo ndiyo yaliyopita. Sikulia siku ile, na sijalia bado. Nashuka makaburini kama kawaida, na mikono haijasimama tena. Naamini kwamba Mola wetu hapotezi jitihada ya mtu aliyekusudia kumwelekea, na kwamba wale waliotandika mikeka yao ufukweni kwenye nchi wasiyoijua, wakalifuata jua walilolizoea, hawakumkosa. Nimelisomesha hilo miaka mingi na nalishuhudia. Kulihisi bado nakusubiri. Mke wangu ananiambia kutakuja, nisikukimbilie. Alasiri tukiwa tumemaliza kuswali huja kuketi nami ukumbini, tunanyamaza, na wakati mwingine mjukuu anapiga simu kutuambia kule kumekucha na babu yake anakunywa chai. Kwa hilo pia namshukuru Mungu.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe umri wenye afya na jamaa wanaokuulizia. Na siku yako ikifika, akujaalie mwoshaji mwenye huruma na maji yaliyopimwa kwa kiwiko, akulaze kwenye radhi zake, miongoni mwa watu wasiokuita mgeni. Amin.